Mstari wa Tumsifu Angani

Kanisani kwao Malvern, huko ughaibuni, kila mtu alijua kwamba Tumsifu amegundua kitu angani, na aliyewaambia ni Tumsifu mwenyewe.

Alikuwa akisomea uzamivu, akipima ramani ya mwanga mkongwe kuliko wote, ule unaotufikia kutoka kila upande wa anga. Ramani hiyo ni ya mviringo kama chungwa, na kuipima kwa njia ya zamani kulimaliza wiki. Tumsifu na subira wapi na wapi! Akatunga programu ya kuimenya vipande vipande, kuvilaza bapa, kupiga hesabu, kisha kuviunganisha tena. Chai haijapoa, jibu limetoka. Na ndani ya jibu, mstari mwembamba umekata anga toka juu hadi chini, mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Msimamizi wake, Profesa Nilofar, mzaliwa wa Arusha, aliutazama sana.

"Hongera, baba. Sasa pima tena kwa ile njia ya polepole."

"Profesa, si ndiyo maana nimeleta ya haraka?"

"Ndiyo maana nataka ya polepole."

Akanuna, akaianzisha. Jumapili ikafika kompyuta bado inajikongoja, na shangazi yake, Asumpta, alishapanga shukrani: kwaya, sare za kitenge, keki yenye mstari wa sukari. Tumsifu akapita mbele akicheza, kifua kimemjaa.

Jibu lilitoka katikati ya wiki. Mstari hakuna. Alipoikagua programu yake, akaukuta pale pale alipounganisha kipande cha mwisho na cha kwanza. Bwana mkubwa alikuwa ameshona anga, kisha akagundua mshono wake. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto.

Jumapili iliyofuata akaomba nafasi, akasimama mbele.

"Ndugu zangu, ule mstari haupo. Nilikosea."

Shangazi Asumpta akainuka taratibu.

"Jamani, huyu ni mtoto wetu. Choir imeimba, keki tumekula. Hatuwezi ku-cancel. Tumwombe Mungu aurudishe."

Wakasimama wote. Wakaomba kwa sauti, wengine kwa machozi, mstari urudi mahali pake. Tumsifu alitaka kuwaeleza kwamba mambo ya anga hayaendi hivyo. Hakueleza. Alifumba macho, akakunja ngumi, na walipofika mwisho, amina yake ndiyo iliyosikika kuliko zote.