Pembeni Hapahesabiwi

Naomba iandikwe tangu mwanzo kwamba dodoso la kwanza nililijaza nikiwa na akili timamu, kwa sekunde arobaini, na mpaka leo hiyo ni rekodi ya shule.

Mtafiti alikuja Jumatatu, akatukusanya bwaloni kidato kizima. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkoba wake mkubwa kuliko yeye, na kabla hajamaliza kutusalimu tulikwisha kumbatiza Dada Karatasi. Alisema yeye na wenzake walikwisha kupima tiba ya mazungumzo kwa watu wazima, wakaona inasaidia. Sasa walitaka kujua kama inasaidia vijana. Dodoso lingechagua wa kuingia, na nusu yao wangekaa na mshauri mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili. Nusu nyingine wangesubiri. Kisha makundi mawili yangelinganishwa.

"Kwa hiyo sisi ni panya?" niliuliza kutoka benchi la nyuma.

"Panya haombwi ruhusa," alijibu. "Wewe unaombwa. Asiyetaka, mlango ule pale."

Hakuna aliyetoka, maana nje ya mlango kulikuwa na kipindi cha hesabu. Wazazi walikwisha kusaini. Baba yangu alisaini bila kusoma, kama anavyosaini ripoti zangu, na kwa hilo namshukuru kila muhula.

Dodoso lilikuwa na sentensi ishirini, kila moja na visanduku vinne: Kamwe, Mara chache, Mara nyingi, Kila siku. *Napata shida kulala. Najiona sina thamani.* Niliweka rula kwenye safu ya Kamwe, nikashusha mstari mmoja toka juu hadi chini, nikanyanyua mkono kama mshindi wa mbio. Bwalo zima likacheka, isipokuwa jirani yangu wa kitanda cha juu, ambaye tunamwita Mstaafu kwa sababu alizaliwa na sura ya mtu anayefuatilia pensheni.

Kesho yake niliitwa. Nilijua ni habari ya kengele. Ulimi wa kengele ya shule ulikuwa umepotea wiki ile, na mimi, kwa mkosi tu, nilijua ulipo. Lakini sikupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu. Nilipelekwa kwenye chumba cha zamani cha kushonea, na pale, kati ya vyerehani vibovu, alikuwa ameketi Dada Karatasi.

"Ulizisoma hizi sentensi?"

"Neno kwa neno, dada."

"Tano nimezigeuza makusudi. Ni mtego wa wanaochora mstari." Akanisogezea karatasi, kidole kwenye sentensi ya tisa.

*Nina mtu ninayeweza kumweleza yanayonisumbua.* Kamwe.

"Kama ulikuwa mzaha, sema. Nakutoa kwenye orodha, na hakuna adhabu."

Ulikuwa mzaha. Ningesema hivyo ningekuwa nje ndani ya dakika moja, na bweni lingecheka wiki nzima. Lakini niliitazama ile Kamwe, ikanitazama.

Nililelewa na bibi yangu tangu nina miaka mitatu. Alikuwa akiniita mume wangu, na aliwalalamikia majirani kwamba ameolewa na bwana anayekojoa kitandani. Alifariki mwezi wa pili. Mimi niliambiwa mwezi wa nne, mitihani ilipokwisha. Baba alinieleza garini, kwenye taa nyekundu. "Hatukutaka kukusumbua na mitihani," alisema. Kisha taa ikawaka kijani, akakanyaga mafuta, na habari hiyo ikaishia hapo. Katika mtihani wa sayansi nilipata themanini na moja.

"Nilizisoma," nikamwambia Dada Karatasi. Huo ulikuwa uongo. Jibu ndilo lilikuwa la kweli.

"Basi jaza tena. Polepole."

Safari hii nilitumia nusu saa, na alama zangu zikaniingiza kwenye utafiti.

Tulichaguliwa kwa bahati nasibu, ili pasiwe na upendeleo. Mstaafu alifungua bahasha yake: MAZUNGUMZO. Nikafungua yangu: KUSUBIRI.

"Pole," alisema.

"Pole ya nini? Nimepewa likizo."

Lakini nilienda nyuma ya matangi ya maji nikakaa huko mpaka kiranja aliponitafuta.

Kazi ya kundi la kusubiri ni kusubiri. Kila Ijumaa unaingia chumba cha kushonea peke yako, unajaza sentensi ishirini, unatoka. Dada Karatasi hakuruhusiwa kuzungumza nasi zaidi ya salamu. Tukifarijiwa, ulinganisho unaharibika. Basi nilianza kumwandikia pembeni mwa dodoso. Kwenye *Nakosa hamu ya kula* niliandika: Muulize mpishi. Kwenye *Nahisi watu wananitazama vibaya*: Ni kwa sababu ya kengele.

Alisoma, mdomo ukamcheza kidogo, akaurudisha mahali pake. "Pembeni hapahesabiwi," alisema.

"Kwa nini?"

"Kompyuta haina pa kupaweka."

Zile ndizo zilikuwa dakika kumi zangu za wiki. Jumamosi kulikuwa na simu ya baba. "Masomo?" "Mazuri." "Haya." Siku nyingine zote nilichekesha watu. Bweni la vijana arobaini na wanane, na kila nikiingia kuna anayeniambia, "Haya, leo una kipi?"

Wiki ya tano niliandika pembeni mwa sentensi ya tisa: *Bibi yangu alifariki mwezi wa pili. Niliambiwa mwezi wa nne.*

Dada Karatasi alisoma mara mbili. Aliweka kalamu chini. "Pole sana," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine, iliyonyooka: "Kuna swali ninalolazimika kukuuliza. Umewahi kufikiria kujidhuru? Ukisema ndiyo, nakutoa kundini sasa hivi. Unamwona mshauri leo."

Mshauri alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia kiti chake kikilia. Neno moja tu, nami ningekaa mbele ya kiti kile. Nimewahi kudanganya kwamba nina surua, kwamba mimi ni pacha, kwamba matroni anaolewa. Lakini alinitazama kama mtu ambaye hatalala nikisema ndiyo.

"Hapana, dada. Sijawahi."

"Una uhakika?"

"Namkumbuka tu."

Akashusha pumzi. Nikatoka. Nilijilaumu mpaka Jumapili.

Wakati huo Mstaafu alikuwa akibadilika. Sura ilibaki ile ile ya pensheni, lakini alianza kupiga mluzi. Jumamosi moja, tukianika mashuka, nilimwuliza mshauri anamfundisha nini hasa.

"Hanifundishi kitu. Unasema jambo, yeye anasema, 'Halafu?' Basi unasema lingine."

"Kazi yenyewe ndiyo hiyo? Hata mimi naiweza."

"Huiwezi. Wewe ungetia mzaha." Akakamua shuka. "Halafu tumekatazwa kuwaambia nyinyi wa kusubiri. Usinitie matatani."

"Sawa. Bibi yangu alifariki."

Ilinitoka tu, kama mtu anayedondosha kijiko. Mstaafu alisimama na shuka mkononi, maji yakimtiririkia viatuni. Aliangalia kushoto na kulia, kama mwizi.

"Halafu?" akanong'ona.

Nikamwambia. Taa nyekundu, themanini na moja, yote. Yale mashuka yalikauka tukiwa bado tunayaanika. Jumamosi iliyofuata tukafanya hivyo tena. Huo ulikuwa uvunjaji wa kanuni za sayansi, na tuliufanya kwa siri kubwa kuliko ile ya kengele.

Jumatano ya wiki ya kumi na mbili, baba yake Mstaafu alihamishwa kikazi. Gari lilikuja saa nne. Alikunja godoro, akanipa sabuni yake iliyobaki, akasema, "Haya, mzee." Chaga za kitanda cha juu zikabaki tupu. Nilikuwa nimezoea kuona umbo la mgongo wake juu yangu.

Ijumaa ilikuwa dodoso la mwisho. Nilifika sentensi ya tisa. *Katika wiki mbili zilizopita*, ndivyo maelezo yalivyosema.

"Dada, kama mtu wa kusubiri amepata nafuu kidogo, utafiti wako unaharibika?"

"Unaharibika akisema uongo."

"Na kama alipata nafuu kwa kuvunja sheria?"

"Hilo nitaliandika kwenye ripoti. Utafiti wowote una tundu mahali."

Nikaweka alama kwenye Mara chache. Kisha nikaandika pembeni: *Lakini tangu Jumatano, kamwe.*

Akasoma. "Pembeni—" nilianza, nikimwigiza.

"Najua ninachokisema kila wiki," alinikatiza. Akaiweka karatasi mkobani taratibu, isije ikakunjika. "Kundi la kusubiri linaanza Jumatatu, saa nane. Fika mapema."

Jumatatu nilifika saa saba na nusu. Nilikuwa na vichekesho sita vya kufungulia, nimevipanga kwa ubora. Mshauri alikuwa mzee mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, na kile kiti chake kililia alipoketi, sauti niliyokuwa nikiisikia kwa majuma kumi na mawili kupitia ukuta.

"Karibu. Anzia popote."

Vichekesho vyote sita vikayeyuka.

"Mimi ni mgane," nikasema.

Aliangalia faili langu, akaangalia sare yangu. "Una miaka kumi na sita."

"Ndiyo, mzee. Nilifiwa na mke mwezi wa pili. Alikuwa na miaka sabini na nne."

Nilimsubiri acheke. Ndivyo watu wanavyofanya, nami natoka salama. Hakucheka. Alifunga faili, akaliweka sakafuni, akaegemea mbele mpaka kiti kikalia tena.

"Halafu?" akasema.