Picha ya Bonane ya Bibiane

Mwaka huu Bibiane alikataa kabisa kwenda studio. Ile ya mjini ilikuwa na pazia lililochorwa theluji, na theluji Likasi ni ya nini? Picha ya kadi ya Bonane, ya Mwaka Mpya, ingepigwa hapa hapa nyumbani Shituru, kwenye baraza aliyoisugua kwa nta nyekundu mpaka ikang'aa. Kadi ilikuwa ya mama mkwe wake wa Mulungwishi, aliyezoea kusema kwamba watoto wa mjini hawajui kusalimu.

Akaiegemeza simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Mumewe Casimir na watoto watatu wakajipanga, wote wameshonewa kitenge kimoja. Bibiane akabonyeza, akakimbilia nafasi yake.

"Muntu asitikisike," akaonya.

Hapo hapo jirani yao, mama Fidélie, akapita na beseni la mihogo kichwani. "Jambo yenu!"

Wote wakageuka. "Jambo, mama!" Simu ikapiga picha.

Bibiane akafura kwa hasira, akaamuru warudie. Safari hii walisimama wima kama nguzo za umeme.

"Hii iko muzuri, mama," akasema Arielle, binti mkubwa. "Nitume?"

Bibiane akazitazama zote mbili. Katika ya kwanza vichwa vilikuwa upande na midomo wazi, hata Yannick mdogo, ambaye hajaanza shule, ameinua mkono kumwitikia mama wa watu. Hasira ikamwisha, kifua kikamjaa fahari.

"Tuma ile ya kwanza. Na salamu usiandike. Iko mule mu picha."