Nyumba Zisizo na Kibao

Wamucii alikuwa anakoroga uji wa watoto redio ilipoanza kusoma habari za asubuhi, kwa hiyo aliweka mwiko kando na kushika sufuria kwa mikono miwili. Nyumba ikainuka, ikayumba kidogo upande wa jikoni, ikaenda. Habari zilipofika kwenye bei ya mahindi ilikuwa imeshatua. Alifungua mlango kuona wameamkia wapi. Walikuwa bondeni, karibu na mto.

"Karibuni!" jirani mpya alimwambia. "Jana mlikuwa wapi?"

"Juu, karibu na kanisa."

"Basi mmeshuka cheo. Huku ni matope mpaka magotini."

Hivyo ndivyo Langas, mtaa wa pembeni mwa Eldoret, ilivyokuwa miaka hiyo. Nyumba yenye kibao cha bati, kilichoandikwa namba na kupigiliwa misumari na mtu wa chifu, ilikaa mahali pamoja. Nyumba isiyo na kibao ilichukua nafasi yoyote iliyokuwa wazi asubuhi hiyo, na kesho yake ikaiachia nyumba nyingine. Vibao vilikuwa vichache, na vilikwenda kwa watu wa mwenyekiti wa tawi la chama. Watoto ndio hawakulalamika. Walibishana kitandani kesho wataamkia wapi, na aliyepatia alikula mandazi ya mwenzake.

Nyumba ya Wamucii iliwahi kuwa na kibao, namba hamsini na nane. Kisha mume wake, Kinyanjui, alisimama kwenye baraza akauliza vibao vinagawanywa vipi. Jioni ile Landrova ilikuja moja kwa moja hadi mlangoni, bila kumuuliza mtu njia, ikamchukua. Kibao kiling'olewa kikapewa Wilson, shemeji wa mwenyekiti, pamoja na nafasi ile, na nyumba ikaanza kuhama.

Sasa mtu aliyetoka kizuizini alikuwa amepita na habari kwamba Kinyanjui anaachiliwa, na Jumamosi atafika Eldoret. Wamucii hakukaa chini kulia. Alifua mapazia, akanunua kuku, akaenda kwa chifu.

"Nataka kibao, chifu. Cha Jumamosi tu."

"Kibao cha nini, Mama? Si unatoka, unaenda soko, unarudi?"

"Kutoka natoka, na kurudi narudi kwa sababu asubuhi nimeona tulipotua. Shida ni mtu anayenitafuta. Mzee wangu atarudi pale alipoiacha nyumba, na nyumba haipo."

"Kibao si cha kuomba. Na usiende kumngoja steji ya magari. Watu wakikusanyika kumpokea mtu kama huyo, huo ni mkutano bila kibali."

"Mimi na watoto wangu ni mkutano?"

"Mko wangapi?"

"Watano."

"Huo ni mkutano," chifu alisema, akamfungulia mlango.

Kulikuwa na njia moja. Kila asubuhi Jepchirchir alikuja kutoka Ainabkoi na madebe yake ya maziwa, akaketi kando ya steji. Watu wasio na kibao walinunua maziwa kwake, na wakati akipima walimwambia wametua wapi. Aliyemtafuta mtu alimwendea Jepchirchir, akataja jina, akaelekezwa. Lakini Kinyanjui alichukuliwa akiwa mtu wa kibao, na watu wa vibao hawakuwa na haja ya kujua mambo hayo.

Jumamosi nyumba ilitua nyuma ya kinu cha unga. Wamucii alikimbia kwa Jepchirchir na jagi lake, akamwambia, akarudi akikimbia. Kuku akawekwa motoni. Watoto walivaa nguo za kanisani na kukatazwa kukaa chini. Majirani, ambao walikuwa majirani tangu asubuhi tu, walileta viti.

Kinyanjui alishuka kwenye lori, akaenda moja kwa moja hadi namba hamsini na nane. Aliyefungua ni Seline, mke wa Wilson.

"Hapa ni kwangu," Kinyanjui alisema.

"Palikuwa kwako. Ingia, chai iko."

Aliinywa akiwa amesimama. "Wamucii yuko wapi?"

"Sijui, mzee. Sisi hatuhami. Muulize Mama Maziwa hapo steji. Na ukimbie, maziwa yakiisha huwa anaenda."

Kinyanjui alikimbia. Jepchirchir alikuwa ameshasuuza madebe na gari lake lilikuwa linapiga honi.

"Namtafuta hamsini na nane!"

"Hamsini na nane ni kwa Wilson."

"Si huyo! Bibi yangu!"

"Bibi yako ana jina ama ana namba?"

"Wamucii!"

"Ungesema hivyo. Nyuma ya kinu, mlango wa kijani. Kimbia, baba, kuku ameiva!"

Alikimbia tena, koti likipepea. Watu waliomtambua walimfuata, lakini mmoja mmoja, kila mtu akiacha nafasi kubwa mbele yake, ili usiwe mkutano. Msururu ulifika mpaka barabarani. Watoto walikuwa wa kwanza kumwona, wakapiga kelele hata mwenye kinu akazima mashine.

Wamucii alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Umekonda," alisema. "Na umechelewa. Ingia ule." Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na Kinyanjui akamshika yeye. Wakala wote, ndani na nje, makundi madogo madogo.

Jumatatu adhuhuri, nyumba ikiwa imetua mtaa wa juu siku hiyo, chifu alikuja mwenyewe na mtu wa nyundo. Alikuwa ameuliza kwa Jepchirchir, naye alikuwa amemuuzia maziwa tu, kwa hiyo ilimbidi azunguke Langas nzima kwa miguu. Alibeba kibao kipya kinachong'aa.

"Nilikiomba cha Jumamosi," Wamucii alisema.

"Wakati ule wewe ndiye uliyekitaka, Mama. Leo tunakitaka sisi. Wakubwa wanataka kujua huyu mzee wako analala wapi."

Mtu wa nyundo akapigilia. Kilikaa vizuri, bila kupinda.

Kesho yake habari zilipoanza, nyumba za majirani ziliinuka moja baada ya nyingine, watoto wao wakipunga mikono madirishani, zikaenda. Ya Wamucii haikutikisika. Kwa muda, kabla nyingine hazijaja, ilisimama peke yake kwenye uwanja mtupu, na ilionekana vizuri sana kutoka barabarani.