Bitana ya Bibi Kuluthumu

Kwa miaka arobaini Bibi Kuluthumu alikuwa akiwashonea watu pale Tabora, na hakuna mwanamke aliyetoka mikononi mwake na nguo inayoonyesha. Kitambaa chepesi hutiwa bitana, kitambaa kingine cha ndani. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wengine.

Basi asubuhi ile, baada ya sala, aliikuta picha ya mjukuu wake Tufaha imeegemezwa ukutani. Haikuwa na mtu wala mti. Ilikuwa mitandio mitano myepesi, ya rangi mbalimbali, imewambwa kwenye fremu, mmoja juu ya mwingine. Akamwonea huruma. Maskini, kasahau bitana, na leo picha inakwenda kwenye maonyesho! Akakata shuka jipya jeupe, akalishona nyuma kwa mishono midogo midogo.

Tufaha alipoamka alitoa shikamoo yake, kisha akaganda mbele ya picha. Rangi zote zilikuwa zimefifia kama majivu.

"Bibi, nani kaiziba?"

"Mimi, mke mwenzangu. Ilikuwa inaonyesha."

"Ndiyo kazi yake, kuonyesha!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mwanga unapita kwa nyuma, Bibi. Bila mwanga hakuna picha. Na Tobias wa maonyesho anakuja na gari kuichukua saa nne."

"Nimekuharibia," Bibi akasema.

Tufaha alileta nyembe mbili, akavuta mkeka hadi dirishani, akamwachia bibi yake upande wenye mwanga. Wakaanza kufumua.

Kila uzi ulipokatika, jua liliingia. Njano ikapita ndani ya buluu, pakatokea kijani ambacho hakuna aliyekipaka. Chini ya yote Bibi akauona mtandio wa rangi ya waridi, umetoboka pembeni.

"Huu si wangu? Nilijua umetupwa."

"Ndio wa kwanza. Mingine yote imelala juu yake."

Bibi akaupapasa.

Honi ikalia nje. Ilibaki kona moja. Bibi akaharakisha wembe, Tufaha akamshika mkono.

"Hapo acha."

"Pamezibwa, mwanangu."

"Acha. Jicho nalo lipate pa kupumzika."

Bibi akaitazama kona yake, nyeupe, imetulia chini ya rangi zinazowaka. Haikuwa mbaya.

"Mwambie Tobias anisubiri, nivae baibui."

"Lenye bitana?"

"Mbili!"