Likizo ya Cheruto

Picha iliingia kwenye simu ya Jepkorir akiwa anampimia mteja maharagwe. Duka lake la nafaka liko Rongai, kando ya barabara ya kwenda Eldoret, na siku ya soko huwa hapati hata nafasi ya kuketi. Lakini simu ililia mfululizo, na alipoitazama aliona ni kundi la familia. Mdogo wake Cheruto alikuwa ameweka picha ya ufuo mweupe, minazi, na viti viwili vya kulalia chini ya mwavuli. Chini ya picha aliandika: "Mimi na Jerry tumepata tiketi. Desemba tuko hapa. Mungu ni mwema."

Jepkorir alisoma jina la mahali. Akalisoma tena. Gorogoro, lile kopo lake la kupimia, ikabaki hewani na maharagwe ndani.

"Mathe, unanipimia ama?" mteja akauliza.

Aliyamwaga maharagwe kwenye mfuko, akapokea pesa bila kuzitazama, kisha akaandika kwa kidole kimoja: "Mkifika muoge vizuri. Hiyo maji iko na damu ya mume wangu."

Akautuma ujumbe. Kundi zima likanyamaza, hata wale binamu ambao hujibu kila jambo kwa picha za maua.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ni jirani, na malori yetu hulala huko kila siku ya Mungu. Mwaka uliotangulia, wiki ya uchaguzi wao, Kipkemoi, mume wa Jepkorir, alikuwa amevuka mpaka na lori la mabati. Intaneti ikazimwa, barabara zikafungwa, na madereva wakaambiwa wangoje kwenye uwanja wa malori nje ya mji. Kisha wakaja wanaume wenye bunduki. Kila dereva mwenye gari la namba za kigeni akaitwa mchochezi. Kipkemoi alikanyagwa mkono wa kulia kwa buti mpaka mifupa ikasagika, akatupwa rumande pamoja na wenzake, na simu yake ikazimika.

Jepkorir alisafiri hadi mpakani kumtafuta. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine akiwa ameshika picha ya harusi, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mumewe alikuwa ametazama kamera. Walimfukuza kama mtu anayefukuza kuku. Alipokuwa amekata tamaa kabisa, Kipkemoi alisukumwa mpakani pamoja na wengine, miguu mitupu. Hakuna aliyeomba msamaha. Mkono haukufunga tena, na lori haliendeshwi kwa mkono mmoja. Sasa hushinda dukani nyuma ya magunia, akiyashona midomo kwa mkono wa kushoto, na maneno yake yamekuwa machache.

Jioni ile Cheruto alipiga simu.

"Ulitaka nini kuniandikia vile mbele ya watu?"

"Nilitaka wasome."

"Jepkorir, hii ni likizo. Si mkutano wa siasa."

"Hata Kipkemoi hakuenda mkutano wa siasa. Alienda kazi."

Cheruto akakata. Jepkorir akaitazama ile simu, akatamani angepiga tena ili yeye ndiye akate.

Walikutana uso kwa uso mwezi uliofuata, Mau Narok, nyumbani kwa mama yao. Viazi vilikuwa vimetoka vizuri na Mama aliwaita watoto wake waje kula pamoja na kushukuru. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Wanaume, Kipkemoi na Jerry, walitoka kwenda kuangalia rundo la viazi, na wale dada wawili wakabaki jikoni wakimenya. Mama alikuwa ameketi karibu na moto. Walisalimiana kwa mdomo tu.

"Bado mnaenda?" Jepkorir aliuliza, macho yakiwa kwenye kisu.

"Tunaenda."

"Utapiga picha ukiwa umelala kwa kile kiti."

"Nitapiga." Cheruto akatupa kiazi kwenye maji kwa nguvu, maji yakaruka. "Wacha nikuambie kitu. Wakati wa maandamano yetu hapa, watalii walifuta safari. Mmoja aliandikia hoteli yetu, ati hawezi kulala kwa nchi inayopiga vijana wake risasi. Maneno matamu sana, hata meneja alitusomea. Unajua ni nani alitumwa nyumbani? Si waziri. Ni mimi na Trizah na wale wasichana wa kufua shuka. Trizah alienda kwao na mimba kubwa, bila kazi. Wenye bunduki hawakukosa hata chai ya saa nne."

Ilikuwa kweli. Cheruto ndiye msimamizi wa vyumba katika hoteli moja karibu na lango la ziwa, Nakuru, na alikaa nyumbani miezi mingi kabla ya kuitwa tena. Jepkorir ndiye aliyekuwa akimtumia unga wakati huo. Lakini siku ile hakutaka kukumbuka.

"Kwa hivyo unaenda kusaidia wafua shuka," alisema.

"Naenda kupumzika. Nimetandika vitanda vya watu tangu nitoke shule. Mara moja tu nataka nitandikiwe. Na atakayenitandikia atalipwa."

"Na kodi ya hicho kitanda itanunua nini? Buti?"

"Wasichana," Mama akasema.

Hakuna aliyemsikia. Cheruto alikuwa ameweka kisu chini.

"Na Naivasha je? Kila Krismasi tunaenda Kamere, pale ufuoni mwa ziwa, kula samaki, na wewe ndiye huchagua mahali pa kuketi, ati penye upepo. Baba ya Jerry alichomewa nyumba huko kwa ile vita ya uchaguzi ya 2008. Jerry alilala kwa uwanja wa polisi akiwa darasa la sita, ameshikilia kuku, kwa sababu kuku ndiyo ilibaki. Ulishawahi kukataa hiyo samaki? Hata mara moja?"

Jepkorir alifungua mdomo kujibu, ndipo akamwona Jerry mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua maji ya kunawa. Jerry ni Mluo wa Nakuru, babu yake alikuja na kazi ya reli, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kutaja mambo ya Naivasha katika nyumba ile.

"Hiyo ni yangu," alimwambia mkewe. "Sikukupatia ugombane nayo."

Akarudi nje bila maji.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Jepkorir aliona mwanya wa kupigia.

"Umeona? Hata wako hataki. Wewe ulipenda raha tangu utotoni. Siku Baba anakata roho ulikuwa saluni."

Cheruto alisimama. Uso ulikuwa umekauka. Aliongea polepole, kama mtu anayehesabia mtoto.

"Na wewe unapenda huo mkono kuliko mwenyewe. Tangu avunjwe, umekuwa mtu mkubwa. Kanisani mkono, sokoni mkono. Umewahi kuuliza Kipkemoi kama anataka mkono wake utembezwe?"

Jepkorir alimrushia maji ya viazi. Yalikuwa machafu na baridi, yakamlowesha Cheruto kutoka kifuani hadi magotini. Mama aliinuka kwa shida, akajiweka katikati yao, mikono ameinyoosha.

Ni hapo Kipkemoi alipoingia. Alitazama sakafu iliyolowa, akawatazama, akavuta kiti.

"Shemeji," alimwambia Cheruto, "mkienda huko, mtapita ule mji wa malori?"

"Si mbali na ufuo," Cheruto alijibu, akijifuta. "Naweza kupita."

"Kuna mama anauza uji karibu na rumande. Wanamwita Mama Salome. Alikuwa anatuletea uji kwa dirisha la nyuma, askari wakimtukana. Ningekufa. Nataka umpelekee majani chai na asali. Umwambie ametumiwa na dereva wa mabati."

Jepkorir alihisi kama amemwagiwa maji yeye.

"Mama Salome ni nani? Hujawahi kuniambia kuhusu Mama yeyote."

"Hukuuliza," Kipkemoi alisema. "Uliuliza waliopiga tu. Kila siku, waliopiga."

Walikula hata hivyo. Kabla ya gari la Jerry kuondoka, Kipkemoi aliweka asali na majani chai aliyokuwa amekuja nayo kwenye buti la gari, yeye mwenyewe, kwa ule mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa.

Desemba ilifika, wakaenda. Picha zilimiminika: Cheruto na nazi, Cheruto na Jerry wakikimbia mawimbi, sahani za samaki, jua likizama. Jepkorir alikuwa amejitoa kwenye kundi, lakini kila jioni alichukua simu ya binti yake Kimberly na kuzitazama zote, moja moja, akitafuta moja ya mwanamke mwenye sufuria ya uji. Hakuiona. Kipkemoi hakuomba kuziona hata mara moja, ila alikuwa ameanza kunyoa ndevu kila asubuhi, kama mtu anayengoja wageni.

Waliporudi, Cheruto alikuja Rongai peke yake. Alikuwa ameiva kwa jua, na amebeba leso mbili za zawadi. Aliziweka juu ya mizani.

"Ulimwona?" Jepkorir aliuliza.

"Kaa kwanza nikuambie."

"Ulimwona ama hukumwona?"

"Tulifika mji wenyewe. Tulipouliza mahali rumande iko, mtu akatutazama vibaya, akatuuliza sisi ni kina nani, tunatafuta nini. Jerry akasema turudi. Kulikuwa na askari kila mahali. Jerry aliogopa." Akazinyoosha zile leso. "Na mimi niliogopa. Vitu viko kwa gari."

Jepkorir alicheka, kicheko kibaya kilichowafanya wateja wageuke.

"Kwa hivyo nchi ya kuogelea ni salama. Ya kuuliza jina la muuza uji, si salama. Na ulikaa huko siku zote hizo, unakula samaki, na unajua kulivyo!"

"Sasa ningefanya nini? Nishikwe?"

"Ungerudi nyumbani!"

"Wewe ungeenda? Wewe mwenye mdomo, ungevuka kumtafuta?"

Jepkorir alinyoosha mkono kwenye mizani. Alizichukua zile leso, akazitupa barabarani. Moja iliangukia tope, gari likapita juu yake. Cheruto alitoka, akaiokota ile safi, ya tope akaiacha, akafungua gari la Jerry. Aliteremsha asali na majani chai, akaviweka mlangoni pa duka kama mtu anayeweka kitu mbele ya nyumba ya mgonjwa wa kuambukiza. Akaenda zake.

Kipkemoi alikuwa nyuma ya magunia wakati wote huo. Wote wawili walikuwa wamemsahau.

"Nitaenda mwenyewe," alisema.

"Huendi popote. Nimeapa hakuna mtu wa nyumba hii atakanyaga ile nchi tena."

"Uliapa wewe. Wewe kaa, sikulazimishi, na sina neno. Lakini usinizuie na mkono wangu mwenyewe."

Aliondoka asubuhi, na rafiki yake Kipkirui, dereva anayevuka huko kila wiki. Jepkorir hakumsindikiza. Alijitia kazini, akakosea kupima mahindi, akagombana na kila mteja, na usiku alilala na simu mkononi. Woga alioujua mpakani ulirudi wote, na hasira zake zote hazikumsaidia nao.

Kipkemoi alirudi akiwa na vumbi na amechoka. Alikula kwanza. Kisha akaeleza bila kuulizwa.

Alimpata Mama Salome palepale, sufuria ileile. Mama yule hakumkumbuka. Alimtazama uso, akautazama mkono, akasema, samahani baba, mlikuwa wengi. Asali alipokea, akashukuru. Halafu akamuuliza kama mle rumande aliwahi kumwona kijana mrefu mwenye pengo la jino, fulana ya manjano. Ni mwanawe. Alichukuliwa wiki ile ile. Uji alikuwa anaupitisha dirishani ili achungulie ndani, na kila aliyetoka humuuliza swali hilo.

"Ulikuwa umemwona?" Jepkorir aliuliza.

"Hapana. Nilifikiria kumdanganya, nikashindwa."

Jepkorir aliketi juu ya gunia kando yake. Swali lililokuja mdomoni lilikuwa lilelile alilogombania miezi yote ile.

"Yeye anaonaje? Anataka watu waende huko, ama wasiende?"

"Sikumuuliza. Alikuwa na wateja."

Jepkorir hakumpigia Cheruto simu kumsimulia. Aliwaza kufanya hivyo siku nyingi, na kila mara aliikumbuka ile leso iliyookotwa na ile iliyoachwa, akairudisha simu mfukoni. Pasaka walikutana Mau Narok. Waliketi meza moja, wakala viazi vya mama yao, na yeyote kati yao alipotaka chumvi, alimwomba Mama.