Nyumba ya Nesi Isiyo na Paa

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, Nesi Honoratha alijitwika godoro lake akalihamishia kwenye nyumba ya watumishi. Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba viwili, sebule, mlango wenye kufuli na madirisha ya nondo. Haikuwa na paa. Ilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, miaka mitatu nyuma, bei ya mabati ikapanda, na mradi wa nyumba nafuu ukaendelea na semina.

Hapo kijijini, katika kata ya Machochwe, manesi walikuwa hawadumu. Vyumba vya kupanga vilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ukijaa, nesi alibaki kule na wagonjwa huku. Wa kwanza alikaa miezi minne, wa pili miwili. Honoratha, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa amekwama ng'ambo mara mbili. Mara ya pili mama mmoja alijifungulia kwenye ngazi za zahanati, mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Honoratha. Mtoto alipona. Honoratha ndiye aliyekosa raha tangu siku hiyo, hadi alipoamua kuhama.

Bibi Waisiko, jirani yake mpya, alisimama akimtazama anavyofagia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mvua ni keshokutwa, nesi."

"Nitalifunika godoro kwa turubai."

"Liko wapi hilo turubai?"

"Nitalinunua mwisho wa mwezi."

Bibi Waisiko alikwenda kwake akarudi na kigoda, akakiweka sebuleni, kwa sababu mtu hahamii mahali pasipo na pa kukaa.

Mvua haikungoja keshokutwa. Ilishuka Jumanne saa tisa alasiri. Honoratha alitoka zahanati mbio akijua godoro limekwisha, akafungua mlango, akakuta ndani kukavu. Mvua ilitoka mawinguni vizuri tu, ila ikifika usawa wa lenta ilijikunja, ikamwagikia nje pande zote nne. Hata vumbi la sakafuni halikuwa limelowa. Alitazama juu kidogo, akavua viatu vyenye matope, akawasha jiko.

Bibi Waisiko alifika amejifunika gunia. Naye alitazama juu.

"Hapa mtama wangu utakauka," alisema, akaenda kuuchukua.

Kufikia wiki ya pili, nyumba ya nesi ilikuwa haina kona tupu siku za mvua. Walianika mtama na udaga wa muhogo, kwaya ilifanyia mazoezi chumbani, mzee Kisyeri alileta litungu lake akapiga hadi vidole vikachoka. Honoratha, ambaye tangu apangiwe mkoa wa Mara alikuwa akila peke yake, akawa hajui tena ni nani kapika.

Fundi Maftah, aliyezijenga zile kuta, alisikia habari akiwa mjini Mugumu. Alikuja na pikipiki, akaegesha, akapima kila ukuta kwa pima maji.

"Ziko wima," alisema. "Lakini sikuweka kitu cha ziada, nesi. Saruji na mchanga tu. Miaka mitatu nimepita njia nyingine kwa aibu ya nyumba hii."

"Basi usiipite tena. Chai iko tayari."

Mwezi wa nne mto ulijaa kuliko kawaida, na siku hiyohiyo Esta, mkwe wa Bibi Waisiko, akashikwa na uchungu. Safari hii nesi alikuwa hatua ishirini tu kutoka zahanati. Saa sita mchana Esta alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Mvua ilinyesha siku tatu, na siku zote tatu watu walicheza ngoma kwenye sebule ile, maji yakitiririka nje ya madirisha. Bibi Waisiko alicheza akiwa amembeba mjukuu, na Honoratha akacheza vibaya, wakamfundisha.

Siku ya tatu ya ngoma akaingia Wilbard, afisa wa mradi, na faili kwapani. Alikaribishwa kigoda. Alitazama juu kwa muda, akafungua faili.

"Nyumba inavuja?"

"Haivuji," Honoratha alijibu.

"Basi imekamilika."

"Haina paa, kaka."

"Paa ni la kuzuia mvua. Mvua imezuiwa."

"Na siku ikiingia?"

"Utaandika barua."

Wilbard alipewa ugali na nyama, akala, akasifu mapishi, akaondoka. Mabati yaliyokuwa yametengwa yakafutwa. Mwaka uliofuata ilitoka ramani mpya ya nyumba nafuu, na kwenye ramani hiyo juu ya lenta hapakuwa na kitu. Gorong'a, upande wa Tarime, walikuwa wa kwanza kujengewa. Mwalimu Vincent, mgeni kutoka Njombe, alikabidhiwa ufunguo, akapigwa picha. Mvua ya kwanza iliingia yote, ikajaza ndoo, sufuria na madaftari ya darasa la tano. Aliandika barua. Akajibiwa awe na subira, mvua ya upande huo bado haijazoea.

Siku moja ya Jumamosi Vincent alipanda pikipiki hadi kwa Honoratha kuuliza yeye alifanyaje.

"Nilihamia tu," alisema Honoratha.

"Hata mimi nilihamia tu."

Bibi Waisiko alimletea mgeni sahani, mzee Kisyeri akakaza nyuzi za litungu. Tangu hapo Vincent alikuja kila Jumamosi, akawa anaimba sauti ya nne, yaani besi, kwenye kwaya, na ikaonekana ana sauti nzuri sana.

Jioni moja wingu zito lilielekea Tarime. Vincent alilitazama kupitia pale ambapo paa lingekuwa.

"Sasa hivi inanyesha kitandani kwangu," alisema.

Honoratha alimwongezea chai, na kwaya ikaanza wimbo upya, kwa sababu besi walikuwa wamechelewa kuingia.