Dai la Lau Mwenye Mashua

Milcah alianza kazi saa moja asubuhi, kama kawaida, kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, mtaa wa Abu Hamour, Doha. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha barua za zamani za mabalozi wadogo wa kigeni waliokaa China enzi za wafalme, kisha kujaza fomu kwenye kompyuta: nani anadai, anadai nini, amefidiwa vipi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mfanyabiashara Mwingereza aliyedai makasha arobaini ya chai, yaliyoloa mashua ilipozama mtoni. Balozi wake alimwandikia gavana wa Kichina barua tisa. Mwingereza akalipwa chai yote, makasha, hata misumari ya makasha.

Mstari wa mwisho ulisema kwamba mwenye mashua alizama pia. Milcah alipoufikisha mstari huo chini ya kioo, maji yalianza kutoka kwenye skana, na mwenye mashua akatoka nayo. Scovia, Mganda wa usafi, alileta mopu akamwomba asogee kidogo. Akasogea. Alisema anaitwa Lau, kwa kile Kiarabu cha vibarua ambacho kila mtu Doha hukipata baada ya miezi mitatu.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Fidia ya Mwingereza, alieleza, haikutoka mfukoni mwa gavana. Gavana aliichangisha kijijini kando ya mto, nyumba kwa nyumba, na nyumba ya Lau haikurukwa.

"Mke wangu aliilipia chai iliyoniua," alisema. "Nataka iandikwe."

Milcah ni mtu wa hasira za polepole, aina ile mbaya zaidi. Alifungua fomu mpya, akaandika jina la Lau, mashua moja, mume mmoja. Fomu ikakataa kuhifadhiwa. Ilikuwa na kisanduku cha balozi aliyewasilisha dai, na Lau hakuwahi kuwa na balozi. Balozi ni wa wageni, naye alifia kwao. Wahenga walisema mnyonge hana haki, ila hawakusema kwamba hata fomu humkataa. Milcah akaandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku. Fomu ikakubali.

Trevor, msimamizi wao, Mkenya mwenzake mwenye adabu zake, alimpa Lau kiti cha plastiki na taulo, kisha akamwita Milcah pembeni.

"Hiyo kitu itoe," alimwambia. "Mteja anataka madai ya wafanyabiashara, basi. Na mkataba wako unaisha mwezi huu. Unajua nani anasaini."

"Saini ama usisaini," Milcah akasema. "Huyu ni mtu wangu. Mimi ndiye balozi wake."

Jioni Trevor akalifuta dai. Asubuhi Milcah akaliandika upya. Walikwenda hivyo siku kumi na tisa bila kununiana, wakila chakula cha mchana meza moja, Lau katikati akilowesha mikate ya watu. Mkataba haukusainiwa. Siku ya mwisho Milcah alimkalisha Lau mbele ya kompyuta akamwonyesha pa kubonyeza. Vidole vyake viliacha maji kwenye vitufe, lakini kompyuta haikulalamika.

Mteja alipokea kazi yake: madai mia tatu na kumi na mawili, yote ya wafanyabiashara, yote yamelipwa. La Lau hufutwa saa kumi na moja jioni. Saa moja asubuhi lipo. Milcah siku hizi huwaandikia watu barua kwenye duka la fotokopi mtaa wa Al Mansoura, kwa nusu ya mshahara, na inamuuma, wala hajifanyi haimuumi. Huko ndiko Trevor alikompigia simu wiki iliyopita. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alimwomba, tafadhali, amwambie Lau aache.

Milcah alimjibu kwamba balozi hapokei maombi kwa simu. Aandike barua, naye ataisoma akipata nafasi.